Kumtafuta Baharia wa Unyamwezi: Vyombo Vidogo vya Ziwa Tanganyika na Majina Yasiyoandikwa

Utafiti wa maisha ya jamaa aliyetumikia jeshi la majini wakati wa vita huchukuliwa na wengi kuwa kazi ya watu wa pwani, kwa kuwa huko ndiko waliko manahodha na ndiko ziliko bandari zenye madaftari ya miaka mingi. Mazungumzo haya yanahusu bara. Yanahusu Kwihara, kijiji kilichoko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, na yanahusu ukoo wowote wa Unyanyembe au wa Unyamwezi kwa jumla ambao wazee wake walirithi masimulizi kwamba babu fulani aliwahi kufanya kazi katika meli za Wajerumani, au alichukuliwa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, naye ama alirudi akiwa na kovu, ama hakurudi kabisa. Mjukuu wa mtu huyo akienda kwenye nyaraka akiwa na jina tu, mara nyingi atarudi mikono mitupu. Akienda akiwa na jina la chombo, yaani meli, boti au tishari ambalo babu alilitumikia, milango kadhaa itafunguka, kwa sababu chombo kiliandikwa kwa makini na kila serikali iliyokimiliki, ilhali mtu aliyekitia kuni hakuandikwa.

Uhusiano wa Kwihara na vyombo vya majini ni wa zamani kuliko vita. Njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kuishia Ujiji ilipita Unyanyembe, na Kwihara palikuwa mahali pa kupumzikia, penye matembe ya wafanyabiashara Waarabu, tembe likiwa ni nyumba pana ya kuta za udongo na paa bapa la udongo. Katika mojawapo ya matembe hayo, ambalo leo ni makumbusho, walikaa Henry Morton Stanley na Dakta David Livingstone mwanzoni mwa mwaka 1872, na humo Livingstone akangoja wapagazi hadi Agosti mwaka huo. Mwaka 1873 alifika Kwihara Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye hapo ndipo alipopata habari za kifo cha Livingstone. Cameron aliendelea hadi Ujiji, akaingia ziwani kwa mitumbwi, na mwaka 1874 akaufikia mdomo wa Mto Lukuga ambao maji ya Ziwa Tanganyika hutokea kuelekea Kongo. Mahali hapohapo, miaka 41 baadaye, ndipo vilipotokea vyombo vidogo vya Waingereza vilivyobadili mkondo wa vita vya ziwa. Mwaka 1883 naye Edward Coode Hore, baharia aliyekuwa mmisionari wa London Missionary Society, alifikisha Ujiji boti ya chuma iliyosafirishwa vipande vipande kutoka pwani. Kazi ya kuvusha chombo cha majini katika nchi kavu, kwa mabega na mikono ya watu wa bara, ilikuwa basi imekwisha zoeleka kabla Ujerumani haijaijenga reli.

Reli hiyo, inayojulikana hadi leo kama Reli ya Kati, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Wanyamwezi walikuwa sehemu kubwa ya vibarua walioijenga, kama walivyokuwa sehemu kubwa ya wapagazi wa misafara iliyotangulia, na jambo hilo lina uzito kwa mtafiti, kwa sababu njia ya kwanza ya mtu wa Tabora kuingia katika huduma ya vyombo vya ziwani haikuwa ofisi ya kuandikisha mabaharia bali kambi ya reli. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na chombo kimoja cha maana ziwani, Hedwig von Wissmann, meli ndogo ya mvuke iliyokuwa ikielea huko tangu mwaka 1900. Tarehe 22 Agosti 1914 meli hiyo iliishambulia meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune pale Lukuga na kuiharibu isiweze kusafiri, na tangu siku hiyo ziwa lote, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, likawa mikononi mwa Wajerumani kwa muda wa mwaka na zaidi.

Nguvu hiyo iliongezwa kwa vyombo vilivyoletwa kwa gari moshi. Kingani, boti ya mvuke yenye urefu wa mita 17 hivi iliyokuwa ikifanya kazi pwani, ilipakiwa katika behewa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Wami nayo ikafuata, na majina yote mawili, ambayo ni ya mito ya pwani, bado yanamwonyesha mtafiti vyombo hivyo vilikotoka. Adjutant, boti ya kuvuta meli ambayo Waingereza waliiteka na Wajerumani wakaipokonya tena katika delta ya Rufiji mapema mwaka 1915, ilivunjwavunjwa na kupelekwa ziwani kwa reli, ingawa haikuwahi kukamilika kabla mji wa Kigoma haujaanguka. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilijengwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya chini ya usimamizi wa fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Ujerumani. Iliteremshwa majini Februari 1915 na kuanza kazi Juni mwaka huo. Masanduku hayo, na vyombo hivyo juu ya mabehewa, vilipita katika stesheni ya Tabora, kilomita 400 hivi kutoka ziwani, na waliohusika njiani kuvifunga, kuvilinda na kuvipitisha wakati wa mvua walikuwa watu wa nchi ambazo reli ilipita.

Ni muhimu kueleza kwa nini vyombo hivi huitwa vya msaada, maana neno hilo laweza kupunguza heshima ya waliovitumikia bila sababu. Katika jeshi la majini, chombo cha msaada ni kile ambacho kazi yake kuu si kupigana na meli nyingine kwa mizinga, bali ni kubeba askari na vyakula, kuvuta majahazi, kulinda mwambao, kupeleka habari na kukusanya kuni. Katika Ziwa Tanganyika mpaka kati ya kazi hizo na vita vyenyewe haukuwapo: Kingani ilivuta vyombo vya matanga asubuhi na kupiga mzinga jioni, na Götzen, iliyobeba mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg baada ya manowari hiyo kuzamishwa Rufiji Julai 1915, ilikuwa kwanza kabisa meli ya kusafirisha askari, ikiwachukua mamia kwa safari moja kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga. Meli zote hizo zilikula kuni. Pasipo watu wa kukata kuni ufukweni, wa kuzipakia na wa kuzisukuma tanurini usiku na mchana katika joto la chumba cha mashine, hakuna ofisa ambaye angeiendesha meli hata nusu ya siku.

Waingereza waliujibu ubabe huo kwa boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilitoka London Juni 1915 chini ya ofisa wa jeshi la majini, Geoffrey Spicer-Simson, zikapita Cape Town kwa meli, zikaenda kaskazini kwa reli hadi Katanga, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, ng'ombe na mamia ya vibarua Waafrika waliotengeneza njia na madaraja, zikaingia tena relini na mtoni, na Desemba mwaka huo zikateremshwa ziwani pale Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, nahodha wake, Luteni Junge, akauawa, na boti ikapewa bendera ya Uingereza na jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini ziliishambulia Kigoma Juni 1916, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito ili siku moja zipate kufufuliwa. Wabelgiji waliingia Kigoma siku mbili baadaye, wakaifuata reli kuelekea mashariki, na tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Jenerali Charles Tombeur likautwaa mji wa Tabora.

Vitabu vya Ulaya vimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na vimekisimulia vizuri kwa upande wa maofisa. Luteni Job Rosenthal, ofisa Mjerumani aliyeogelea hadi bandari ya Lukuga kuipeleleza na kukamatwa na Wabelgiji Desemba 1915, anatajwa kwa jina karibu katika kila kitabu. Waafrika waliokuwa ndani ya Kingani na Hedwig wakati wa mapigano hutajwa kwa idadi, au kwa kazi, au kwa neno moja linalowajumuisha wote. Hilo halikutokana na uhaba wa karatasi, kwa maana watawala haohao waliorodhesha parafujo, mabomba na bamba za chuma za Götzen sanduku kwa sanduku. Ilikuwa ni kuamua nani anastahili kuwa mtu mmojammoja katika nyaraka na nani anatosha kuwa hesabu, na mtafiti anayeuelewa uamuzi huo atajua mapema kwamba asipoliona jina la babu yake haina maana kwamba babu hakuwapo.

Kutokana na hali hiyo, hatua ya kwanza ya utafiti haifanyiki katika nyumba ya nyaraka bali nyumbani, na haifai kuahirishwa, kwa kuwa kizazi kilichowasikia mashahidi wenyewe kimebaki na watu wachache sana. Mzee akiulizwa mwaka, mara nyingi hatautaja, lakini akiulizwa matukio ataweza kupanga maisha ya babu kwa usahihi wa kushangaza. Watu wa Unyamwezi wana alama zao za wakati: nyota yenye mkia ya mwaka 1910, kufika kwa gari moshi mwaka 1912, kuingia kwa Wabelgiji mwaka 1916, homa kubwa ya mafua ya mwishoni mwa mwaka 1918. Ipo pia alama nyingine ambayo ni ya Tabora peke yake, nayo ni fedha ya vita: mwaka 1916, kwa kuwa sarafu kutoka Ulaya zilikuwa hazifiki tena, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa mahali pa kupiga sarafu za heller za shaba nyeupe na nyekundu na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Familia inayokumbuka kwamba babu alilipwa kwa sarafu mbovumbovu za wakati wa vita imempa mtafiti tarehe iliyo karibu kuwa kamili, na pia imempa dokezo kwamba mwajiri alikuwa serikali ya Kijerumani na si Wabelgiji.

Swali la pili kwa wazee linahusu kazi yenyewe, si cheo. Neno "baharia" katika masimulizi ya familia laweza kumhusu mtu aliyekaa ndani ya meli, aliyeshusha mizigo gatini, aliyekata kuni katika mwambao wa Ukaranga, au aliyesindikiza vyombo kwa reli kutoka pwani. Laweza pia kumhusu serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa kawaida, kazi iliyoelekea zaidi kwa watu wa pwani wenye uzoefu wa vyombo. Wapo wajukuu wanaohisi kwamba wakigundua kuwa babu alikuwa mkata kuni, hadithi ya ukoo imeshuka thamani. Hisia hiyo haina msingi. Vita vya ziwa viliamuliwa na mafuta, kuni na uchukuzi kuliko mizinga, na Mnyamwezi aliyebeba gogo hadi kwenye ngazi ya Götzen alitumikia meli ile kwa maana ileile iliyo kamili aliyoitumikia mpigaji mzinga. Kujua kazi halisi kuna faida nyingine ya kiutafiti: mkata kuni aliandikwa, kama aliandikwa, katika hesabu za wilaya, mfanyakazi wa reli katika hesabu za reli, na askari katika hesabu za jeshi, hivyo kosa la kazi humpeleka mtafiti kwenye jalada lisilo lake kwa miezi mingi.

Jina nalo lina matatizo yake. Mwanamume wa Unyamwezi wa kizazi kile aliweza kuwa na jina la utotoni lililotokana na tukio la siku ya kuzaliwa, jina alilojichukulia safarini, jina la Kiislamu alilopewa alipoishi na watu wa pwani katika kambi, na jina la ubatizo kama alirudi na kujiunga na misheni. Karani Mjerumani au Mbelgiji aliandika lile alilolisikia, kwa tahajia ya lugha yake, na kwa kawaida hakuandika jina la baba. Mtafiti mwangalifu huandaa orodha ya majina yote yanayowezekana, pamoja na jina la mtemi wa eneo, maana mara nyingi watu waliandikwa chini ya mtemi aliyetakiwa kuwatoa. Katika Unyanyembe na jirani zake mtemi ndiye aliyepelekewa amri ya kutoa watu, na amri hizo zilijibiwa kwa barua.

Hapo ndipo nyaraka zinapoanza kusaidia. Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yamehifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani, yanayotambulika kwa herufi G, na humo mna barua za wilaya, hesabu za kazi na mambo ya reli. Humo pia mna vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, yaani madaftari makubwa ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo, watemi, mipaka na matukio ya kila wilaya. Kitabu cha wilaya ya Tabora ni mahali pazuri pa kuthibitishia jina la mtemi na kijiji. Kwa Ujerumani, majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni yako Berlin-Lichterfelde katika fungu la R 1001, na yale ya jeshi la majini yako Freiburg. Hapa inafaa kumtahadharisha msikilizaji kwamba kumbukumbu nyingi za watu wa jeshi la nchi kavu la Prussia ziliteketea Potsdam Aprili 1945, ila pigo hilo halikuyafuta majalada ya Ofisi ya Makoloni. Maofisa wa vyombo vya ziwani walitoka katika jeshi la majini, akiwamo Gustav Zimmer aliyekuwa mkuu wa meli ya upimaji Möwe kabla haijazamishwa Dar es Salaam Agosti 1914, na ripoti za maofisa kama yeye ndizo zinazoeleza chombo gani kilikuwa wapi siku gani. Jina la babu huenda lisiwemo, lakini tarehe ya safari ikilingana na masimulizi ya ukoo, ushahidi umeongezeka.

Uingereza ina hazina yake Kew, nje kidogo ya katikati ya London, na majalada ya huko yamepangwa kwa herufi za wizara iliyoyatunza: ADM ni Admiralti, iliyokuwa wizara ya jeshi la majini, WO ni wizara ya vita, CO ni wizara ya makoloni. Fungu la ADM 137 lina nyaraka za operesheni za Vita Kuu ya Kwanza, na fungu la CO 691 lina barua za Tanganyika kuanzia 1916. Mtafiti wa Tabora asiache hata hivyo kuyatazama ya Ubelgiji, ambayo wengi huyasahau. Baada ya kuitwaa Kigoma, Wabelgiji waliitawala hadi Machi 1921, na ndio walioiinua Götzen kwa mara ya kwanza kabla haijazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyefanya kazi gatini Kigoma kati ya 1916 na 1921 alilipwa na serikali ya Ubelgiji, na kama ameandikwa, ameandikwa kwa Kifaransa, katika nyaraka ambazo leo ziko Brussels. Waingereza waliiinua meli hiyo mwaka 1924 na kuirudisha kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, na kuanzia hapo njia ya utafiti inarejea katika kumbukumbu za reli za Tanganyika. Mtu mmoja aliyeanza kazi katika meli hiyo akiwa kijana mwaka 1915 na kuendelea hadi uzeeni aliweza kutumikia serikali tatu bila kuhama bandari.

Chanzo kilicho karibu zaidi na Kwihara, na ambacho pengine kitatoa matunda mengi kuliko Berlin na Brussels kwa pamoja, ni madaftari ya misheni. Mapadri wa Shirika la White Fathers, waliokuwa Ndala, Ushirombo na Tabora yenyewe, walikuwa na desturi ya kuandika katika kila kituo shajara, yaani daftari la matukio ya siku kwa siku, na madaftari ya ubatizo na ndoa yanayotaja baba, mahali na msimamizi. Wamoravian wa Sikonge, Kitunda na Urambo walituma taarifa zao Herrnhut, Saxony. Mwanamume akirudi kutoka ziwani mwaka 1917 au 1919 na kufunga ndoa, au mjane akiolewa tena kwa sababu mume hakurudi kutoka Kigoma, karani wa misheni aliandika. Katika daftari la ndoa, tofauti na hesabu za jeshi, mtu wa kawaida ana jina, ana baba na ana kijiji. Kwa familia za Kiislamu za Kwihara na Tabora, ambazo ni nyingi, msaada kama huo hautoki katika daftari bali katika nasaba zinazohifadhiwa na wazee na waalimu, na katika mirathi, maana kifo cha mtu safarini kililazimu mali yake igawanywe na jambo hilo likumbukwe na kila aliyepata fungu.

Vita vya Pili vya Dunia vinahitaji maneno machache tu, kwa sababu nyaraka zake ni bora na mashahidi wake ni wa karibu zaidi. Makoloni yalianzisha vikosi vya majini vya kujitolea, Kenya mwaka 1933, Zanzibar 1938 na Tanganyika 1939, navyo vikaunganishwa mwaka 1942, mwaka uleule ambao kundi la meli za Uingereza la Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa, kwa kuwahofia Wajapani. Kazi zilikuwa za vyombo vidogo: kufagia mabomu ya majini, kulinda milango ya bandari, kuvuta meli. Kikosi kilichozaliwa upya mwaka 1950 na baadaye kuitwa Royal East African Navy kilivunjwa mwaka 1962. Katika vita hivi askari aliandikwa kwa namba, na familia yenye namba hiyo, hata kama imebaki katika kipande cha nishani au cheti cha kuachishwa kazi, ina ufunguo ambao familia ya mtu wa Kigoma wa 1915 haina.

Mwaka 2021 kamati maalumu iliyoundwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, chombo kinachotunza makaburi na majina ya waliokufa wakiitumikia Uingereza na himaya yake, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba wahanga wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaheshimu askari na wapagazi kwa maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, bila jina la mtu hata mmoja. Tume hupokea ushahidi wa majina mapya, kwa sharti kwamba kifo kilitokea kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 na kwamba marehemu alikuwa katika huduma inayotambuliwa. Kwa hiyo ukoo ambao mtu wake alikufa akivuta Mimi na Toutou katika milima ya Mitumba, au akiwabebea Waingereza mizigo baada ya 1916, una mahali pa kupeleka madai yake, na unastahili kuyapeleka bila haya.

Ukoo ambao mtu wake alikufa katika chumba cha mashine cha Kingani hauna mahali hapo. Aliitumikia Ujerumani, kwa hiyo Jumuiya ya Madola haimhusu. Na upande wa Ujerumani, maofisa ndio walioandikwa. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi katika jeshi la Wajerumani na katika kazi zake, hivyo kundi hili linalobaki bila mlinzi huenda likawa ndilo kubwa kwa watu wa Tabora. Pendekezo linalotolewa hapa ni kwamba kazi hiyo ifanyike hapahapa, na makumbusho ya Kwihara, ambayo kwa sasa yanamkumbuka mgeni mmoja, Livingstone, na safari zake, ndiyo mahali panapofaa kuanzia. Linahitajika daftari moja, lenye nafasi ya majina yote ya mtu, jina la baba na la mtemi, kijiji, chombo au bandari, kazi, mwaka au tukio linaloutambulisha, na jina la mzee aliyesimulia pamoja na uhusiano wake na marehemu. Taarifa ambayo haijathibitishwa iandikwe pia, ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba inangoja ushahidi, kwa kuwa kifo cha mzee hakitangoja jalada la Brussels lifunguliwe.